Shangazi Zamda na Sime ya Lemburis

“Shangazi, kwa nini hukumwambia aiweke chini ile sime?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi, tumekaa kwenye kibanda cha walinzi, mkono wangu wa kushoto ukiwa kwenye hogo la plasta ambalo lilikuwa bado halijakauka. Alikuwa anafunga kamba za raba zake. Akazifunga, akazifungua, akazifunga tena. Halafu akasema, “Hebu gonga hilo hogo, tuone kama limeshika.”

Nikagonga. Lilikuwa bado. Mambo ya sime yakaishia hapo, na mimi si mtu wa kuacha swali liishie hapo, muulizeni mwalimu wangu wa Bailojia. Tangu siku ile nimemuuliza Shangazi swali lilelile karibu kila mwaka. Majibu yake ninayo yote: “Kula kwanza.” “Umemaliza kazi za shule?” “Wewe mtoto una kichwa cha hakimu.”

Shangazi Zamda ni dada yake baba. Ni mlinzi. Watu wakisikia mlinzi wanafikiria mtu wa miraba minne, lakini Shangazi ni mfupi, akisimama kwenye geti kichwa chake kinaishia kwenye komeo. Kofia ya kampuni anaivaa juu ya ushungi, kwa hiyo inamkaa kama mfuniko ulioazimwa kwenye sufuria ya jirani. Suruali ya sare ameikunja mara mbili chini. Kirungu walichompa alikitumia kuzuia mlango wa kibanda usijifunge kwa upepo, mpaka msimamizi alipokuja akamsema.

Alizaliwa Daraja Mbili, hapa Arusha mjini, nyumba hiihii tunayokaa sisi. Babu alikuja na malori kutoka Kondoa, akaoa, hakurudi tena. Shangazi aliuza vitumbua miaka mingi pale barazani, na mumewe alipofariki akaendelea kuuza vitumbua, mpaka siku moja kampuni ya ulinzi ikatangaza inataka wanawake wa kuwapekua wanawake wenzao kwenye mageti. “Nilidhani nakwenda kufungua mikoba na kuifunga,” huwa anasema. “Kumbe nakwenda kufungua watu.”

Wakampeleka lindo kwenye hospitali moja ya misheni huko juu kwenye miteremko ya Meru, katikati ya kahawa na migomba. Jina la hospitali silitaji, nilimwahidi. Kila siku akishaswali alfajiri anaondoka Daraja Mbili, anashukia barabarani, anapanda kile kinjia cha mawe huku akishika magoti. Akifika, wauguzi wanakuwa kwenye ibada ya asubuhi wanaimba, na Shangazi, na ushungi wake na kofia yake, anaimba nao kutoka getini. Beti zote anazijua.

Sasa, kazi yake anavyoifanya. Mwanzoni mimi nilidhani ana maneno mengi tu. Anasalimia watu kabla hawajafika. Mtu akiwa bado yuko kule kwenye kona ya kahawa, Shangazi ameshapaza sauti: “Shikamoo baba! Habari za huko?” Akiwa mama wa Kimeru anamsalimia Kimeru. Akiwa Mwarusha anamsalimia Kimasai, maneno mawili matatu anayoyajua, na lafudhi ya Daraja Mbili inayowafanya wacheke. Vijana wa bodaboda anawaambia, “Mambo, wanangu, pikipiki imekula leo?” Halafu ananyamaza, anasikiliza anavyojibiwa.

“Anayejibu salamu bado yupo hapa na sisi,” aliniambia. “Anaweza kuwa na hasira, analia, amelewa, lakini yupo. Asiyejibu kabisa, kichwa chake kimeshatangulia mahali. Huyo ndiye wa kumwendea polepole.”

“Na akiwa hasikii vizuri?”

“Basi utampungia mkono, Swabaha. Maswali yako haya!”

Wiki ile niliyovunjika mkono kulikuwa na mafunzo. Kampuni ilikuwa imemleta mkufunzi kutoka Dar es Salaam, anaitwa Mika, kijana msafi mwenye kompyuta, kuwafundisha walinzi namna ya kutambua hatari kabla haijalipuka na namna ya kumtuliza mtu kabla hajafika pabaya. Shangazi aliyapenda sana mafunzo yale. Ameishia darasa la saba, lakini alijaza daftari zima. Mika aliwafundisha kusimama upande, siyo mbele ya mtu kama ukuta. Kumwachia njia ya kutokea. Kupunguza sauti yako ili naye apunguze yake. Usimguse mtu wala kitu chake. Na aliwafundisha kwamba usiulize huyu ni mtu gani, uliza ni kitu gani kinamsukuma leo, na ni kitu gani kinamshika asianguke. Shangazi alikuwa anatusomea hayo jikoni huku anakaanga dagaa, baba anatingisha kichwa kama yuko msikitini.

Tatizo lilikuwa karatasi. Mika aliwaachia karatasi ya kubandika kibandani, “Dalili za Hatari”, na namba moja iliandikwa hivi: amebeba fimbo, rungu, kisu au panga.

Shangazi alicheka mpaka akakaa. “Prosper, hebu soma. Kwa karatasi hii nusu ya Arusha wako chini ya ulinzi! Baba yako akitoka shambani na panga lake aje kumwona bibi yako, tumkamate?”

Prosper alikuwa mlinzi mwenzake, miaka ishirini na mbili, mtoto wa hapohapo mlimani. Alijua vizuri kabisa kwamba huku kwetu mzee wa Kiarusha akinunua nyanya sokoni fimbo iko mkononi na sime iko kiunoni, na hakuna anayeshtuka, ni kama wewe na kofia yako. Amekua akiona hivyo. Lakini karatasi ilikuwa na mhuri, na imetoka Dar.

“Mama Zamda, utaratibu ni utaratibu,” alisema.

Mimi nilianguka kutoka kwenye ukuta wa jirani, sababu siyo muhimu. Baba akanileta hospitali ya Shangazi, nikafungwa hogo, akaniacha kibandani nikae mpaka Shangazi atoke zamu, yeye akawahi kazini. Ilikuwa saa saba mchana. Geti limefungwa mpaka saa kumi, ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Shangazi aliniambia nisiguse redio, akaenda nyuma ya kibanda kuchukua udhu aswali adhuhuri. Getini akabaki Prosper.

Hapo ndipo alipokuja Lemburis.

Wakati huo sikujua jina lake. Niliona tu kijana mrefu wa Kiarusha, lubega jekundu limejaa tope mpaka magotini, fimbo kwapani, chupa ya chai mkono wa kushoto. Nyuma yake bodaboda iliyomleta ilikuwa inageuza. Mkewe, Anyesi, alikuwa ameletwa usiku kutoka zahanati ya kwao ng'ambo ya mlima, mimba ya miezi saba. Lemburis alikuwa mbali na ng'ombe. Alipigiwa simu kwamba amejifungua kwa upasuaji na mtoto ni njiti, simu ikazima chaji. Basi. Tangu hapo hakujua kama wako hai. Alichokuwa anataka duniani kilikuwa kimoja: apite lile geti awaone.

Prosper akamsalimia. Hakujibu.

“Mzee, saa kumi,” Prosper akasema. “Na hiyo fimbo haiingii.”

“Mke wangu yuko ndani.”

“Nimesema saa kumi. Lete fimbo.”

“Mke wangu yuko ndani!”

Na Prosper akanyoosha mkono, akaivuta ile fimbo kutoka kwapani mwake.

Mimi ni mtoto wa mjini, lakini hata mimi nilijua kwamba fimbo ya mwanaume hainyakuliwi. Afadhali umchape kofi. Mama Hanna, anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara, alisema “Yesu wangu” na kuinuka. Lemburis alirudi hatua moja. Mkono wake wa kulia ukaingia chini ya lubega, ukatoka na sime, akaishusha pembeni ya paja. Hakupiga kelele. Hicho ndicho kilichonitisha. Uso wake ulikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama. Prosper alikuwa ameshika fimbo isiyo yake, midomo imekuwa ya kijivu, na mgongo wake umegusa geti. Hakuwa na pa kwenda.

Shangazi akatokea upande ule mwingine wa kibanda, bado ana maji ya udhu usoni, miguu peku. Hakukimbia. Alimwendea Lemburis kwa ubavu, upande wa mkono wa kushoto, akasimama kama hatua mbili hivi.

“Baba,” akasema taratibu, “uji wa mama unamwagika.”

Kweli ulikuwa unamwagika. Kifuniko cha chupa kililegea njiani, chupa ikainama, na uji ulikuwa unatiririka kwenye mguu wake, unatoa mvuke. Alikuwa hasikii.

“Unakuunguza mguu, baba. Inua kidogo.”

Lemburis akatazama chini, kama mtu anayeamshwa. Akainua chupa.

“Hivyohivyo. Kifuniko kimelegea. Kaza, usije ukaisha, mama hajanywa kitu tangu jana.” Na Shangazi akaweka viganja vyake viwili chini ya chupa kukinga, bila kuigusa.

Kukaza kifuniko kunataka mikono miwili. Nilimwona Lemburis akifikiria jambo hilo, naapa nilimwona. Akarudisha sime kwenye ala yake, akashika kifuniko, akakaza. Alikosea uzi wa kifuniko mara mbili.

“Prosper,” Shangazi akasema bila kugeuka, “mpe baba fimbo yake.”

“Mama Zamda, uta—”

“Mpe. Kwa mikono miwili.”

Prosper akampa kwa mikono miwili. Ndipo Shangazi akauliza, “Mama anaitwa nani, baba?” Na yule kijana mrefu akasema, “Anyesi,” akaanza kulia pale barabarani, chupa ameikumbatia.

Ningependa kusema akaingia. Hakuingia. Tukio lilikuwa limeonwa na watu, likaandikwa kwenye daftari la matukio, na Matroni Tabea, ambaye ndiye mkuu wa wodi zote na ni mwanamke wa haki lakini mgumu kama kuni ya mkaratusi, akasema huyo mtu asikanyage ndani mpaka kamati ikae. Kamati itakaa baada ya siku tatu. Kulikuwa na waliotaka aitiwe polisi na apigwe marufuku moja kwa moja.

Na huko ndani mtoto alikuwa na kilo moja na robo. Anyesi alikuwa na homa baada ya upasuaji, hawezi kumbeba. Watoto njiti wanabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, ili wapate joto, Shangazi ndiye aliyenieleza. Wauguzi walikuwa wanapokezana, lakini wauguzi wawili kwa wodi nzima, watambeba nani wamwache nani? Kifua kilichokuwa na nafasi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kimekaa kwenye kreti la soda karibu na ndizi za mama Hanna.

Siku zote tatu Lemburis alikuwa pale. Mama Hanna alimwazima jiko. Asubuhi anapika uji, anauvusha barabara, anamkabidhi Shangazi, Shangazi anaupeleka wodini na kurudi na habari: amekunywa nusu, homa imeshuka kidogo, mtoto amelia. Siku ya kwanza Shangazi alipomsalimia, Lemburis aliitikia kwa kichwa tu. Siku ya pili akamwita “yeyo”, yaani mama. Siku ya tatu yeye ndiye aliyeanza kusalimia, kutoka ng'ambo. “Takwenya, yeyo!” Na Shangazi, kwa lafudhi yake: “Iko!”

Mambo ya kwenye kamati sikuyaona, lakini Prosper amenisimulia. Alikuja kwetu Idi mwaka juzi, akala sahani tatu za pilau, nikamkaba kwa maswali. Alisema kwenye kile chumba alikuwa anataka vitu viwili kwa pamoja, Lemburis asamehewe na Lemburis afungwe.

Mika naye alikuwepo, maana mafunzo yalikuwa hayajaisha. Matroni Tabea alisoma daftari la matukio mpaka mwisho, akavua miwani.

“Bi Zamda. Ulimsogelea mtu aliyechomoa sime. Hukupuliza filimbi. Hukuita redio. Hukumwamuru aiweke chini. Niambie, hiyo sime uliiona?”

Shangazi alikaa kimya. Prosper anasema ulikuwa ukimya mrefu, ungeweza kumenya ndizi.

Mika akasimama. “Samahani, Matroni. Naomba niseme. Hiyo ndiyo mbinu yenyewe! Mlinzi wa kawaida angesema weka silaha chini, na huyu mtu mbele ya watu asingekubali. Bi Zamda hakuitaja silaha. Alitaja kitu anachokipenda. Jamani, mimi nafundisha jambo hili miaka minne, sijawahi kuliona likifanyika vizuri hivi.”

Matroni alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anatazama meza.

“Basi nieleze wewe,” Matroni akasema. “Aingie au asiingie?”

“Aingie.”

“Kwa sababu gani?”

“Mmetufundisha tuulize kinachomsukuma na kinachomshika,” Shangazi akasema. “Kilichomsukuma tunakijua. Hajui kama mke yu hai, halafu tukamnyang'anya fimbo yake. Fimbo tulimnyang'anya sisi, Matroni. Na kinachomshika kiko wodini kwako, kina kilo moja na robo. Nimekaa naye getini siku tatu. Kila asubuhi amepika uji, amenipa kwa mikono miwili, amekaa. Mtu wa kutudhuru hapiki uji siku tatu.”

“Akirudia?”

“Nitakuwa pale mimi.”

Neno hilo, Prosper anasema, ndilo lililobeba kila kitu. Maana kama Bi Zamda aliiona sime ikiwa wazi mbele yake, akasimama palepale bila hofu, na leo anasema huyu si mtu mbaya, nani mwingine wa kubisha? Daktari aliyekaa kwenye kamati akakubali. Matroni akavaa miwani. Masharti: fimbo na sime vibaki getini kila siku.

Shangazi ndiye aliyevipokea, na hapo ndipo alipoanzisha desturi ambayo mpaka leo ipo. Hakuviweka kwenye boksi la miavuli. Alivipokea kwa mikono miwili, akaisimamisha fimbo kwenye kona nyuma ya kiti chake, sime akaining'iniza juu yake kwenye msumari wa kofia yake mwenyewe. Siku hizi kona ile asubuhi ya Jumatatu ina fimbo saba nane, mapanga mawili ya wakulima yamefungwa kwenye majani ya mgomba, na kila moja inarudi kwa mwenyewe kwa mikono miwili. Ile karatasi ya Mika bado ipo ukutani. Namba moja imekatwa kwa kalamu ya bluu.

Mimi nilikuwepo siku Lemburis alipoingia, nilikuwa nimerudi kuangaliwa mkono. Muuguzi alimkalisha kwenye kiti karibu na kitanda cha Anyesi, akamwambia avue shanga za shingoni zisimkwaruze mtoto. Akazivua moja moja, akamvisha Anyesi, naye kwa udhaifu wake wote akacheka. Kisha wakamwekea kifuani kitu kidogo kama ngumi zangu mbili, kina kofia ya sufu, wakamfunga na khanga, na lubega juu. Lemburis hakuthubutu kupumua. “Pumua, baba,” muuguzi akamwambia, “joto ni kwenye kupumua.” Shangazi alikuwa mlangoni, hajavuka kizingiti, zamu yake ilikuwa inaendelea. Alisimama pale dakika moja akarudi getini, na njiani aliniambia ana vumbi machoni, wakati ulikuwa msimu wa mvua.

Walikaa wiki tano. Wakaondoka mtoto ana kilo mbili na kidogo, anaitwa Maria.

Kila mwaka wanakuja kutusalimia Daraja Mbili, na kibuyu cha maziwa mgando. Maria ana miaka sita, ana pengo mbele, na anaongea kama redio. Akifika kwa Shangazi anainamisha kichwa, Shangazi anaweka kiganja juu ya utosi wake. Halafu Maria anauliza kama kuna vitumbua.

Sime ya Lemburis, kwa upande wake, ikawa maarufu. Mika aliiweka kwenye mafunzo yake. Iko kwenye kompyuta, ukurasa mzima: “Kanuni ya Zamda: usiitaje silaha.” Anaifundisha kwa walinzi wa mahoteli, wa mabenki, wa shule, na mara mbili kwa mwaka, akifundisha hapa Arusha, anamwita Shangazi aje kusimama mbele. Shangazi anakwenda. Anawaeleza habari ya salamu, habari ya kupokea kwa mikono miwili, wanaandika, wanacheka. Lakini kwenye sehemu ya sime hasemi yeye, anasema Mika. Na nimegundua jambo, maana kugundua mambo ndiyo kazi yangu: kila Mika akifika pale, Shangazi anakunywa maji.

Juni hii nilikuwa likizo, niko kidato cha tatu, akanichukua twende wote kwenye ukumbi mmoja kule Themi. Walinzi kama arobaini. Mika akafika kwenye Kanuni ya Zamda, Shangazi akashika chupa yake ya maji. Kijana mmoja wa nyuma, mwembamba, sare mpya bado ina mikunjo ya dukani, akanyoosha mkono.

“Samahani, Mwalimu. Mimi nikinyamaza kuhusu silaha, nikaongea habari za uji, halafu yeye akanichoma?”

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Bi Zamda alichomwa?” Mika akauliza, anatabasamu. “Si huyu hapa? Kanuni inafanya kazi, kaka. Andika.”

Kijana akaandika. Nilimwona Shangazi akimtazama anavyoandika. Chupa ilikuwa mkononi na hakunywa.

Tukarudi kwa miguu. Kwa kawaida Shangazi njiani anasalimia watu mpaka unachoka, siku hiyo alipita tu. Nyumbani akavua kofia, akakaa kwenye kigoda uani, akavuta ungo wa mchele, akaanza kuchagua mawe. Nikakaa karibu naye. Jua lilikuwa bado lipo, Meru imejitokeza yote bila wingu.

Sikutaka kumuuliza. Au nilitaka. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, kama anavyoongea yeye na watu wa getini.

“Shangazi, kwa nini hukumwambia aiweke chini?”

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele. Hakuniambia nile kwanza.

“Sikuiona, Swabaha. Wallahi sikuiona. Nimetoka kuchukua udhu, nimemkuta mtu ameganda na uji unamwunguza mguu, nikaona uji. Sime ilikuwa upande wa pili, imekingwa na lubega, na macho yangu yalikuwa kwenye chupa, nimekuja kuambiwa na Prosper wakati nimeshakaa. Wewe uliponiuliza pale kibandani nilikuwa nimetoka kuijua dakika hiyohiyo. Halafu kwenye kamati Matroni ananiuliza, uliiona? Nikasema moyoni, nikijibu sikuiona, mimi ni mlinzi gani? Nani atasikiliza neno langu juu ya Lemburis? Watamfungia geti, na mtoto yuko kule hana kifua. Nikanyamaza. Mika akasema yeye, na mimi nikamwachia aseme miaka sita. Kwa ajili ya Maria ningenyamaza tena, Mungu anisamehe. Lakini yule kijana leo ameandika, umemwona? Ameandika kwa kalamu. Mafunzo yanaendelea Jumatatu. Nitamwambia Mika mwenyewe kabla darasa halijaanza, halafu nitawaambia wote, na nataka yule kijana awepo.”